Koliflawa sawa, lakini wali usipigwe chenga



Tangu muhula huu uanze, kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi zimetumwa video tatu za kile wanachokiita wali wa koliflawa. Ni koliflawa iliyokwaruzwa ikawa punje punje, kisha ikakaangwa na mayai, karoti na njegere kama ule wali wa kukaanga wa Kichina. Ndani yake hamna mchele wala nafaka nyingine yoyote. Wazazi wamepongezana sana. Mmoja ameandika kwamba kuanzia sasa mchele hauingii nyumbani kwake, na mwingine akamjibu kwamba mchele ni sumu nyeupe. Kwa kuwa siku za kazi mimi ni muuguzi na Jumamosi nafundisha darasa la kati hapa shuleni, watu watatu wamenipigia simu kuniuliza. Badala ya kujibu mmoja mmoja, naandika hapa.

Chakula hicho ni kizuri. Kipikeni, hata mimi nakipika. Ninachokataa ni mambo mawili: kukiita wali, na kukifanya sababu ya kuwanyang'anya watoto wali wao.

Nianze na uzuri wake, maana wapo wanaodhani kila kinachotoka kwenye video ni upuuzi. Gramu 100 za wali mweupe zina kalori kama 130 na wanga kama gramu 28. Gramu 100 za koliflawa mbichi zina kalori kama 25 na wanga kama gramu 5, pamoja na nyuzinyuzi na vitamini C ya kutosha. Sasa tuangalie sahani ya mtu mzima wa kwetu, ile anayopakuliwa mgeni na mama mwenye nyumba huku akiambiwa "mbona hujala". Wali wake haupungui gramu 300. Hiyo ni wanga gramu 84 kabla hujagusa chapati ya pembeni wala soda. Ukipakua nusu wali na nusu koliflawa, wanga unashuka hadi kama gramu 50, na sahani inabaki imejaa vile vile.

Kwa mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda, tofauti hiyo ni kubwa. Na sisi wenye asili ya Afrika, pamoja na ndugu zetu wenye asili ya Asia, tunapata kisukari cha aina ya pili kwa wingi zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu tunaoishi nao hapa Uingereza. Nyumbani wali haukuwa chakula cha kila siku kwa wengi wetu. Kwetu Tanga ilikuwa ugali, mihogo, ndizi, na wali ulikuja Ijumaa, au sikukuu, au mgeni akifika. Hapa Leicester mfuko wa mchele wa kilo 20 unaubeba kutoka Belgrave Road ukauweka kwenye buti la gari, na kila siku imekuwa Idi. Na hatutembei. Tunatoka kwenye gari, tunaingia kazini, tunarudi kwenye gari. Kwa hiyo mchele si sumu. Kilichobadilika ni kiasi tunachokula na maisha tunayoishi.

Wenye miaka 40 hadi 74 hapa Uingereza, ambao hawana maradhi kama kisukari au ya moyo, huitwa kwa uchunguzi wa afya wa bure kila baada ya miaka mitano. Barua ile mnaiweka kwenye droo, naijua. Itoeni. Kipimo cha damu kinachoitwa HbA1c kikisoma 42 hadi 47, ujue uko mlangoni mwa kisukari na bado unaweza kurudi nyuma. Kikifika 48 ni jambo la kukaa na daktari. Ukishajua namba yako ndipo uamue koliflawa ikusaidie vipi, badala ya kuamuliwa na video.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kama mtu nyumbani kwenu anachoma insulini, au anameza vidonge vya jamii ya gliclazide, msimwondolee wali wote ghafla mkampa koliflawa tupu. Dawa hizo zimepimwa kulingana na wanga anaokula. Akimeza kipimo kile kile, kisha akala sahani ambayo wanga wake ni robo ya ule wa jana, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Atatoka jasho, atatetemeka, ataanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na akiwa ni mzee mtasema ni usingizi tu. Wengi wetu tunakuja kutembelewa na mama zetu au mama wakwe kutoka Tanzania na Kenya, wanakaa miezi kadhaa, wamekuja na dawa zao kwenye mkoba, na sisi kwa mapenzi tunawabadilishia chakula siku ya pili. Mapenzi hayo yasubiri kidogo. Someni kwanza jina la dawa kwenye boksi, mpigieni mfamasia au daktari, kisha mpunguze wali taratibu huku mkipima sukari. Anayetumia metformin peke yake kwa kawaida hana hatari hiyo, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Na ikitokea imeshuka, mpeni glasi ndogo ya juisi ya matunda au soda ya sukari halisi, si ile ya daieti, na mpime tena baada ya dakika 10 hadi 15. Asiyeweza kumeza msimmiminie kitu mdomoni, pigeni 999.

Jambo jingine dogo. Kuna mama aliyeniambia ameacha wali kwa sababu mwanawe ana maradhi ya siliaki, yale ya utumbo kukataa gluteni. Mchele hauna gluteni, dada yangu. Ngano, shayiri na rai ndizo zenye gluteni. Chakula kisicho na gluteni na chakula kisicho na nafaka ni vitu viwili tofauti. Kinyume chake, mtu anaweza kukaanga koliflawa yake akijisifu haina nafaka, kisha akaimiminia sosi ya soya ambayo, zile nyingi za kawaida, imetengenezwa kwa soya na ngano. Geuzeni chupa. Kwa sheria za hapa, ngano lazima ionekane wazi kwenye orodha ya viungo, kwa kawaida kwa herufi nzito. Ipo sosi ya soya iitwayo tamari ambayo mara nyingi haina ngano, lakini nayo isomwe. Mimi naona ndimu inatosha.

Sasa mapishi yenyewe. Wengi waliojaribu wananiambia imetoka uji. Sababu ni maji. Koliflawa ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, na sisi watu wa pwani tumezoea kufunika sufuria na kupalia makaa juu. Koliflawa haifunikwi.

Kwa watu wanne chukua koliflawa moja ya kiasi. Majani yake msitupe, yakatwe kama sukuma wiki yakaangwe kesho. Yana ladha kuliko ua lenyewe, kwa maoni yangu. Ioshe ikiwa nzima kisha iache ichuje maji mpaka ikauke kabisa. Ikwaruze kwenye kikwaruzio cha karoti, upande wa matundu makubwa, pamoja na kile kishina chake. Ukitumia blenda, ishtue kidogo kidogo uache. Sekunde mbili zikizidi umepata rojo. Tandaza kwenye kitambaa safi, kunja, kamua kwa mikono kama unavyokamua nazi. Zipo zilizokwaruzwa tayari zinazouzwa kwenye friza za maduka, lakini bei yake ukilinganisha na ua zima utacheka, na zinatoa maji zaidi.

Washa moto mkali chini ya kikaango kipana. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Kimoja. Nasisitiza kwa sababu nilimwona mtu kwenye video akimimina kutoka kwenye chupa huku akisema chakula cha afya. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na koliflawa nzima ya gramu 600 ina kalori kama 150. Ukitia vijiko vitatu, mafuta peke yake yameizidi koliflawa mara mbili na zaidi, na hapo bora ungekula wali wako kwa amani. Vuruga mayai matatu kwenye mafuta hayo, yakishikana yatoe weka pembeni. Tia kijiko kingine kidogo cha mafuta, kisha kitunguu maji kilichokatwa vidogo, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi ya kusaga, na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Bizari si ya Kichina, najua, lakini ndiyo inayofanya jikoni kunukie nyumbani. Tia karoti, pilipili hoho na njegere kiganja kimoja. Zikianza kulainika tia koliflawa, itandaze, iache dakika nzima bila kuigusa ili maji yake yaruke, kisha geuza. Dakika tano zinatosha. Rudisha mayai. Chumvi itiwe mwisho kabisa, maana ikitangulia inayavuta maji nje na unarudi kwenye uji. Kamulia ndimu, nyunyiza kotimiri, na mpakue papo hapo. Haingoji mgeni aliyechelewa.

Kwa nyumba yenye watoto mimi nachanganya. Nachukua kiporo cha wali, vikombe viwili, natia pamoja na koliflawa dakika mbili za mwisho. Kiporo kiwe ni cha jana tu, kiwe kilipozwa upesi kikaingia frijini ndani ya saa moja, na kipashwe mpaka kitoe moshi. Wali uliolala juu ya jiko usiku kucha huota vijidudu ambavyo sumu yao haifi kwa kupasha moto. Najua sote tumekula viporo vya namna hiyo tukaenda shule. Bado nasema hapana. Na wenye matumbo ya kujaa gesi waanze na kidogo, wasinilaumu Jumapili.

Nirudi kwa watoto. Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wa miaka kumi aliniambia wakati wa mapumziko, "Mwalimu, mimi wali siku hizi naogopa, unanenepesha." Mtoto huyo anacheza mpira mara tatu kwa wiki na ni mwembamba kama fito. Hofu hiyo hakuizua yeye. Ameisikia mezani, kwenye simu ya mama, kwenye kundi letu. Watoto wanaokua wanahitaji wanga, na wadogo wa chini ya miaka mitano matumbo yao ni madogo. Ukiyajaza koliflawa wanashiba kabla hawajapata nguvu wanayoihitaji. Anayehofia uzito wa mwanawe azungumze na muuguzi wa shule au daktari, amwondolee juisi na soda, amtembeze. Na tuache kusema mbele yao kwamba chakula chetu ni sumu. Tayari huko shuleni kwao kuna anayeziba pua akifungua chombo chake cha chakula cha mchana. Akirudi nyumbani asikute na mama yake ameziba pua.

Kuhusu jina, hapa naongea kama mwalimu wa Jumamosi. Kwenye somo la nafaka niliandika ubaoni neno moja la Kiingereza, lile la "rice", nikawauliza watoto tunaliitaje kwa Kiswahili. Tukajaza ubao. Ukiwa shambani ni mpunga. Ukikobolewa ni mchele, na maganda yake ni pumba. Punje zilizovunjika ni chenga. Ukipikwa ni wali. Ulioganda chini ya sufuria ni ukoko, na wanaogombania ukoko wanajijua. Uliobaki hadi kesho ni kiporo. Kisha kijana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, je koliflawa iliyokwaruzwa ikiwa mbichi ni mchele, halafu ikipikwa inakuwa wali?" Darasa likacheka, lakini swali lake lilikuwa la maana kuliko somo langu.

Mwingereza ana neno moja, kwa hiyo kwake ni rahisi kulivisha kitu chochote chenye punje ndogo nyeupe. Hata huko Kizungu halijapita bila ugomvi. Mwaka 2019 jimbo la Arkansas huko Marekani, ambalo ndilo linaloongoza nchini humo kwa kulima mpunga, lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa isiyotokana na mpunga isiuzwe kwa jina la mchele, na koliflawa ndiyo waliyokuwa wakiilenga. Wao walikuwa wanalinda biashara. Sisi hatuna biashara ya kulinda, ila kwetu neno wali halitaji umbo. Linataja kitu kilichoanzia kwenye jaruba, kikapigwa, kikapepetwa kwenye ungo, kikachaguliwa mawe, kikatiwa chumvi na tui. Mtoto anayezaliwa hapa hatalijua jaruba la Kyela wala la Mombo kwa macho. Analo hilo neno tu. Likianza kumaanisha mboga iliyokwaruzwa, zile hatua zote zilizomo ndani yake zinafutika, na anabaki na "rice" aliyokuja nayo.

Nikawaambia watunge jina lao. Walikuja na majina mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Lililoshinda ni "chenga za koliflawa", na lilitoka kwa binti ambaye mwaka jana hakuweza kusema sentensi mbili za Kiswahili bila kuchanganya. Chenga ni vipande vidogo vidogo, na ndivyo koliflawa ilivyo ikitoka kwenye kikwaruzio. Mwenzake akadakia kwamba basi wali umepigwa chenga. Darasa likapiga kelele kama uwanja wa mpira, na sikuwa na haja tena ya kueleza maana ya pili ya neno hilo. Mimi jina hilo nimelichukua, nalitumia nyumbani, na nawaomba wazazi mlijaribu kabla hamjaendelea na lile la kwenye video. Koliflawa si mgeni kwetu hata hivyo. Inalimwa Lushoto, milimani kule nyuma ya Tanga, na inateremshwa kwenda Dar es Salaam pamoja na kabichi na karoti. Sisi wa chini tuliiona ikipita kwenye malori tu.

Jumamosi ya mwisho wa muhula tunakula pamoja kama kawaida. Mimi nitaleta sufuria mbili: moja ya wali wa nazi na moja ya chenga za koliflawa, na kila mtu atapakua anavyotaka bila kuulizwa na mtu. Tafadhali kila atakayeleta chakula aandike viungo vyote kwenye karatasi na aibandike kwenye chombo, kwa Kiswahili kwanza. Tunao watoto wawili wasiokula mayai na mmoja wa karanga. Darasa la kati ndilo litakalosoma karatasi hizo kwa sauti kabla ya kuanza kula, kwa hiyo andikeni kwa herufi zinazosomeka. Wanaotaka kujifunza kukwaruza waje saa nne asubuhi, na waje na vitambaa vyao vya kukamulia.